Sunguruwe na Kitabu cha Arobaini na Tatu

Saa tatu kasorobo asubuhi, stima inapotea Magwagwa. Kinyozi anaachwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, mashine ya kusaga inanyamaza, na redio ya hotelini inakatika katikati ya tangazo la maziko, hata watu wasijue aliyefariki ni nani. Soko zima linaguna. Anayetabasamu ni mmoja tu, Drusilla Nyanchoka, mwenye duka la fotokopi.

Anavuta kigoda hadi mlangoni penye mwanga, anafungua chupa ya gundi na kuweka magotini kitabu chembamba chenye jalada la njano. Anakifunua ukurasa wa mwisho. Hapo kuna mnyama mwenye masikio ya sungura na pua ya nguruwe, amelazwa juu ya makaa, na watu wa harusi wamemzunguka wakiwa na sahani mikononi.

Anamtazama kidogo, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi njia panda. Kisha anapaka gundi pembe zote nne, anabandika ukurasa mpya juu ya ule wa zamani na kuukandamiza kwa kiganja.

"Arobaini na mbili," anasema. "Kimebaki kimoja."

Hicho kimoja ndicho kilichomnyima raha kwa wiki saba. Mpaka kipatikane na kurekebishwa, Drusilla haruhusiwi kuwasomea watoto wa kanisa lake Sabato saa nane mchana. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na moja bila malipo, na kabla ya hapo hakuwahi kukosa ila mara moja, wiki aliyomzika mumewe.

"Watu wazima hucheka kwa adabu," anasema. "Wanaangalia kwanza nani yuko karibu. Mtoto hucheka kwa tumbo. Nikikosa kicheko hicho wiki moja, naona hata chai haina sukari."

Drusilla ana umri wa miaka hamsini na minne. Shule aliiacha kidato cha pili karo ilipokosekana. Kuchora hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kunakili wanyama waliochorwa kwenye majalada ya madaftari, mpaka ndugu zake wakawa wanayaficha madaftari yao. Duka lake ni chumba kimoja anachokilipia kodi ya shilingi elfu tatu kwa mwezi. Fotokopi ni shilingi tano kwa karatasi. Siku njema hupata shilingi mia tisa. Siku ya mvua na stima kupotea, asema, hupata mafua tu.

Mashine yake ni ya mtumba, na kwa umri wake ingestahili kupishwa kiti kanisani. Ikianza kazi hutetemeka, hukohoa, halafu hutema karatasi kama mtu aliyekabwa na mfupa. Watu wa Magwagwa huapa kwamba siku moja ilikohoa hivyo hadi kuku wa kinyozi akataga yai kabla ya wakati wake. Kinyozi mwenyewe hakanushi. Anaongeza tu kwamba yai lile lilikuwa na wino.

Lakini bila kikohozi hicho, huenda hadithi hii isingekuwapo.

Miaka kumi na miwili iliyopita, mwalimu mmoja alileta karatasi mbili: moja ya somo la wanyama wa nyumbani, nyingine ya maagizo ya kuzima moto shuleni. Mashine ikazimeza zote pamoja. Zilipotoka, kichwa cha mbuzi kilikuwa kimekaa juu ya mwili wa mtu aliyeshika mpira wa maji. Mwalimu aliikataa kazi ile, na Drusilla akamfanyia upya bila malipo. Ile iliyoharibika hakuitupa. Jioni aliipaka rangi, na chini yake akaandika: "Mbuzimamoto. Huitwa nyumba ikiungua. Hufika upesi, lakini hula kwanza nyasi za paa."

Tangu siku hiyo, kila karatasi iliyoharibika huingia kwenye katoni chini ya meza, na stima ikipotea katoni hufunguliwa. Humo ametoka Ng'ombaomba, ng'ombe anayepita nyumba kwa nyumba akiomba maziwa. Ametoka Kondobi, kondoo anayefua sufu yake mwenyewe kisha akajianika kwenye kamba. Kuna Nyukilomita, nyuki aliyepewa kazi ya kupima barabara, na kila akiulizwa hujibu kwamba pamebaki padogo tu. Na kuna Fisimamizi, aliyeandikwa kazi kwenye bucha ahesabu mifupa, na kila jioni hesabu yake hupungua.

Wanyama wakitosha, huwafanya kitabu. Hukinakili kwa mashine ileile, hupaka rangi nakala moja baada ya nyingine kwa mkono, na kuzishona kwa uzi wa magunia. Mtu mzima huuziwa shilingi mia na hamsini. Mtoto hulipa kwa kuleta neno moja la kipuuzi ambalo halijapata kusemwa na mtu. Kitabu cha mwisho kilitoka nakala arobaini na tatu kwa sababu bunda la karatasi liliishia hapo.

Ndani ya kitabu hicho ndimo alimokuwa Sunguruwe.

Kumwelewa Sunguruwe, ni lazima kuelewa meza za watu hawa. Katika nyumba za Wasabato, nguruwe haliwi, na sungura vilevile. Sheria ni ile ya kale: mnyama wa kuliwa awe na kwato zilizopasuka, tena awe anacheua. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Sungura, kwa mujibu wa Maandiko, anacheua lakini kwato hana. Kila mmoja amepata alama nusu, na nusu haipiti.

Drusilla amezaliwa ndani ya sheria hiyo. "Mimi sijaonja nguruwe hata mchuzi," anasema. "Lakini hadithi zangu zote huishia kwenye karamu. Nilihitaji kitoweo, naye Sunguruwe alikuwa mnono. Nikamchoma. Nilimchoma kwa penseli, jamani. Sikufikiria mdomo wa mtu."

Mdomo uliopatikana ni wa Natasha, mwenye umri wa miaka saba. Jirani yao Ochoki ni Mkatoliki, na mwanawe alikuwa amepokea Komunyo ya kwanza. Palikuwa na karamu, na jikoni palikuwa na nguruwe. Natasha alinyoosha sahani. Mke wa Ochoki, mama mwenye kuheshimu mipaka ya watu, akamzuia.

"Hii si ya kwenu, mwanangu. Hii ni nguruwe."

"Najua," akajibu Natasha. "Ni Sunguruwe. Mwalimu Drusilla alituonyesha. Hata bwana harusi alikula."

Alikula vipande vitatu. Wengine wanasema vitano, na kuna boda boda mmoja wa stendi anayeshikilia kwamba mtoto aliomba afungiwe vingine aende navyo nyumbani.

Labda jambo hilo lingepita, lau babu yake Natasha asingekuwa Mzee Mogaka. Mzee huyu ana umri wa miaka sabini na mitatu, ni mzee wa kanisa, na alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa maisha yake yote amesimama mlangoni pa josho akiangalia miguu ya wanyama. Huwezi kumdanganya kuhusu kwato.

Jumapili iliyofuata, wazee watano wa kanisa waliketi katika chumba cha nyuma, kila mmoja na Maandiko yake yenye jalada la zipu. Drusilla aliitwa. Kitabu cha njano kiliwekwa mezani, kikiwa wazi penye makaa.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Abner, mkulima wa chai, mtu mpole asiyependa kelele. Alivaa miwani, akamchunguza mnyama.

"Mwalimu, huyu ana kwato au hana?"

"Mbele anazo, Mzee. Nyuma ana makucha."

"Kwa nini umemgawa?"

"Sikumgawa mimi. Ni karatasi zilikwama."

Mzee Ratemo, mwalimu mstaafu, akainua kidole kama yuko darasani. Alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima, na ilionekana halikumwacha alale vizuri.

"Ndugu zangu, tuseme ukweli. Nguruwe alikosa kucheua. Sungura alikosa kwato. Huyu amechukua kwato za yule na kucheua kwa huyu. Tukienda kwa masharti, ametimiza yote mawili."

Drusilla anakumbuka kwamba mzee mmoja alifungua zipu, akasoma, akafunga zipu, kisha akafungua tena.

Mzee Mogaka alisimama. "Ratemo, acha shule yako. Mimi nimeosha ng'ombe miaka thelathini na mmoja. Mnyama haingii joshoni nusu. Akiingia, ameingia mzima. Najisi wawili ukiwaunganisha, umepata najisi mrefu zaidi, basi."

"Lakini masharti—"

"Masharti gani! Mwalimu, nijibu. Anacheua?"

"Mzee," Drusilla akasema, "mimi bado sijamwona akila."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Hakucheka, lakini meza ilitikisika.

Walibishana saa mbili na nusu. Mwishoni, katibu aliandika kumbukumbu ambazo Drusilla alipewa nakala yake, na ambazo, kwa bahati, alizipiga fotokopi mwenyewe. Zinasema hivi: "Mnyama aitwaye Sunguruwe asiliwe mpaka uchunguzi ukamilike. Vitabu vyote arobaini na tatu vikusanywe na karamu ile ibadilishwe. Hadi hapo, mwalimu apumzike kuwasomea watoto."

Hakubisha. Aliinama tu na kusema asante. Lakini Sabato iliyofuata, saa nane mchana, alikaa kwenye kiti chake cha nyumbani akiwa amevaa kama mtu anayekwenda mahali. Darasa lilikuwa limepewa mama mwingine, aliyewafundisha watoto kukariri majina ya mito. Wanasema kelele ya watoto ilipungua, na wakubwa wengine wakalifurahia hilo.

Alichora karamu mpya. Katika ukurasa huo, Sunguruwe hayuko tena motoni. Ameketi meza kuu pamoja na maharusi, ua kifuani, mbele yake sahani ya chinsaga, ile mboga chungu inayopikwa kwa maziwa. Anakula kwa uma. Kama anacheua, picha haisemi.

Kisha alianza kutembea. Siku za soko alifunga duka mapema, akatia gundi na mkasi ndani ya mkoba. Kitabu kimoja alikikuta kule Nyanchwa, kwa mwanafunzi aliyekifanya alama ya kushikia ukurasa wa kitabu kikubwa zaidi. Kingine kilikuwa ukutani kwenye mashine ya kusaga, kimepigiliwa msumari, na ilibidi apande juu ya gunia la mahindi ili akibandike hukohuko.

Kule Nyamache alimkuta Nyaboke, muuza ndizi, ambaye watoto wake wanne wanakijua kitabu kizima kwa moyo.

"Dada, bandika juu tu," Nyaboke alimbembeleza. "Chini uache. Iwe kama dirisha. Mzee akipita tunafunga, akienda tunafungua."

Drusilla anakiri kwamba alishawishika. Wazo lilikuwa zuri. Hata yeye mwenyewe angependa kuwa wa kwanza kulifikiria. Lakini alipaka pembe zote nne.

"Nikiwadanganya wazee kwa gundi, nitarudi kwa watoto na uso gani?" anauliza. "Uongo wangu ni wa wanyama tu. Huo naufanya mchana, kila mtu anaona."

Hivyo ndivyo vilivyopatikana vitabu arobaini na viwili. Cha arobaini na tatu ni kile cha Natasha, nacho kilikuwa kimenyang'anywa na babu yake siku ileile ya karamu. Mara tatu Drusilla alikwenda kukiomba. Mara tatu Mzee Mogaka, huyohuyo aliyeipigania hukumu, alimjibu neno moja.

"Panya."

Drusilla alianza kuamini kwamba basi, imekwisha. Kitabu kikiliwa na panya hakibandikiki, na hukumu ilisema vyote. Alikuwa ameanza hata kuigawa katoni ya karatasi zake, nusu ya kuwashia moto.

Lakini jana, Celestine, mke wa Mzee Mogaka, aliingia dukani kupiga nakala ya kitambulisho, pande mbili. Akalipa shilingi zake kumi, akatoka, akarudi.

"Mwalimu, panya gani? Kiko zizini, ndani ya lile kopo kubwa la dawa ya kupe. Anakisoma asubuhi akidhani niko jikoni. Mwanamume mzima, wajukuu tisa, amekaa anacheka na ng'ombe!"

Ndiyo sababu leo, stima ikiwa haijarudi, Drusilla anatia gundi mkobani, anafunga mlango na kushika njia. Ni mwendo wa dakika ishirini kati ya mashamba ya chai. Njiani mara mbili anasimama kuhakikisha kwamba kifuniko cha gundi kimekaza.

Mzee Mogaka yuko nje ya zizi, anakatakata nyasi za ng'ombe kwa panga.

"Bwakire, Mzee."

"Bwakire. Umekuja tena."

"Nimekuja kwa kile kitabu."

"Si nilikwambia panya?"

"Panya wa zizini, Mzee?"

Panga linasimama hewani. Mzee anatazama upande wa jikoni, ambako Celestine ameanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Huyo mwanamke," anasema polepole, "angewekwa pale sokoni, redio hazingenunuliwa."

Anaingia zizini na kutoka na kopo. Kitabu kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Pembe zake zimechakaa kwa kufunguliwa, lakini hakuna hata doa moja la samadi. Hakitoi mara moja.

"Nilikichukua ili nitafute makosa mengine," anasema. "Yapo. Fisi hawezi kuhesabu."

"Kweli, Mzee."

"Lakini huyu Fisimamizi namjua. Alikuwa bwana mmoja tuliyefanya naye kazi. Hata kofia ni ileile." Midomo yake inacheza kidogo, anaikaza. "Sasa ukibandika huo ukurasa, yule wa chini anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Anabaki palepale, chini ya mwenzake."

"Kwa hiyo yupo."

"Yupo, Mzee. Isipokuwa haliwi."

Mzee Mogaka anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakifunua kitabu magotini pake na kukishikilia kwa mikono miwili ili upepo usikifunge. Drusilla anapaka gundi pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Anauweka ukurasa mpya. Anayeukandamiza ni Mzee mwenyewe, kwa kiganja kipana cha mtu aliyesukuma ng'ombe maisha yake yote, na anaukandamiza muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Arobaini na tatu," anasema Drusilla.

"Nitamwambia Abner leo. Sabato saa nane uwe pale. Na usichelewe, hawa watoto wamechoka na mito."

Drusilla anashukuru kwa mikono miwili. Amekwisha kufika langoni wakati Mzee anapomfuata, panga bado mkononi, akisafisha koo.

"Mwalimu. Mwaka wa themanini na nne, kuna mnyama nilimwona pale joshoni."

"Mnyama gani, Mzee?"

"Ng'ombe wote walikuwa wamekwisha kupita. Nikaona mmoja amebaki nyuma ya foleni. Mgongo wa ng'ombe, shingo ya bata. Anapiga mluzi. Sikusema kitu, kazi ni kazi. Nikamnyunyizia dawa. Alipotoka upande wa pili akajikung'uta, akanigeukia, akasema asante."

Jikoni, wimbo umenyamaza.

Drusilla anachomoa penseli iliyokuwa imechomekwa kwenye nywele. Anageuza karatasi aliyoifungia chupa ya gundi upande usio na maandishi na kuiegemeza kwenye nguzo ya lango. Anachora shingo. Anachora mgongo. Penseli inateremka, inasimama.

"Na kwato zake, Mzee? Zilikuwa zimepasuka?"

Mzee Mogaka, wa miaka thelathini na mmoja ya kuangalia miguu, anatazama zizi. Anatazama mashamba ya chai ng'ambo.

"Sasa mwanangu," anasema, "mnyama amekwambia asante, wewe utakaa uangalie kwato? Mimi nilikuwa nakimbia!"

Stima inarudi Magwagwa saa saba mchana. Kinyozi anammalizia mteja wake nusu ya pili, na mashine ya fotokopi inaanza kukohoa. Drusilla tayari amekata shauri: atanunua mabunda mawili ya karatasi kabla ya mwezi kwisha, na kitabu kipya kitakuwa na nakala mia moja. Jina la mnyama wa joshoni atawaachia watoto walitafute, Sabato hii, saa nane. Ukurasa wa kwanza ni wake, na ameshaanza kumpaka rangi, shingo ndefu, mdomo umejikunja kwa mluzi.

Kuanzia magoti kwenda chini, hata hivyo, hakuna kinachoonekana. Amemsimamisha kwenye nyasi ndefu.

"Atakaa humo," anasema Drusilla, akitafuta kalamu ya kijani, "mpaka uchunguzi ukamilike."